Hasira Iliyopotea Njia: Migogoro na Mazungumzo ya Heshima katika Bembea ya Maisha

Utangulizi

Mwanafunzi mpendwa, ukiulizwa utaje migogoro katika tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, huenda usitoe jasho. Utasema kuna mgogoro kati ya Yona na Sara, kati ya Neema na Bunju, na kati ya mila na usasa. Orodha hiyo ni sahihi, ila haitoshi. Mtahini wa Karatasi ya Tatu anataka uonyeshe mgogoro ulianzaje, ulikuaje, na uliwafanya nini wahusika.

Makala haya yatakusaidia kuisoma migogoro hiyo kwa undani. Yatakufaa pia nje ya darasa. Wewe nawe unaishi na watu, nyumbani na bwenini, na hakuna anayeishi na watu asikosane nao. Wahenga walisema wagombanao ndio wapatanao. Swali ni hili: mbona baadhi ya ugomvi huisha kwa kupatana na mwingine huacha makovu?

Mambo matatu usiyoyachanganya

Kabla ya kuingia katika tamthilia, tenga mambo matatu.

Kwanza, mgogoro. Huu ni mvutano kati ya watu ambao mahitaji, imani au masilahi yao yanakinzana. Mgogoro si dhambi. Watu wawili wema wanaweza kuvutana.

Pili, hisia. Hizi ni hasira, aibu, hofu, wivu, huzuni na nyinginezo. Hisia huja bila kualikwa. Hasira nayo mara nyingi huwa imefunika hisia nyingine, hasa aibu au hofu.

Tatu, tendo au usemi. Hapa ndipo unapowajibika. Hukuchagua kukasirika, lakini neno lililotoka kinywani umelichagua wewe, na mkono ulioinuka ni wako.

Msomaji anayechanganya haya matatu huandika, "Yona alimpiga Sara kwa sababu alikuwa na hasira." Sentensi hiyo inamwondolea Yona lawama bila mwandishi kujua. Wapo wengi wenye hasira wasiompiga mtu.

Yona na Sara: hasira kwa asiyehusika

Jiulize: ni nani hasa aliyemuumiza Yona? Si Sara. Ni jamii. Ndoa yao ilipochelewa kupata mtoto, ndimi za watu hazikulala. Walipojaliwa watoto, wakawa mabinti watatu: Neema, Asna na Salome. Ndimi zikapata jambo jipya, kwamba Yona hana mrithi wa kiume. Katika jamii yenye taasubi ya kiume, mwanamume anayesemwa hivyo huona aibu kubwa.

Yona angeweza kuwajibu waliomsema. Angeweza kuwaambia wenzake kwamba binti ni mtoto. Angeweza kukaa na mkewe wakaliliana, maana waliteswa na maneno yale yale. Badala yake aliingia katika ulevi, na kipigo kikamwangukia Sara. Sara aliyekuwa ameumizwa na jamii pamoja naye akaumizwa tena, mara hii na mumewe mwenyewe.

Hii ndiyo tunayoiita hasira iliyopotea njia. Ilizaliwa na maneno ya wanakijiji, ikapelekwa kwa mtu wa karibu ambaye hakuwa na kosa. Ilikwenda kwake kwa sababu yeye ndiye asiyeweza kurudisha pigo.

Sasa jitazame. Umepata alama mbaya katika mtihani wa mwigo. Unaona aibu, na unaogopa baba atasema nini. Unafika nyumbani, mdogo wako anakuuliza kalamu, nawe unamfokea hadi analia. Mdogo wako hakutunga mtihani ule. Kabla ya kufungua kinywa, jiulize maswali mawili: Hasira hii imetoka wapi? Huyu aliye mbele yangu anahusikaje nayo?

Zingatia pia kwamba mwandishi hakumwacha Yona pale pale. Tamthilia inatuonyesha mume anayebadilika, anayejuta na kumjali mkewe anapougua. Mabadiliko hayo ni hoja nzuri ukiulizwa kuhusu ukuaji wa wahusika. Hata hivyo, usiandike kwamba majuto yalifuta yaliyopita. Maji yakimwagika hayazoleki. Athari zimebaki kwa watoto: Asna, aliyekulia katika nyumba hiyo, anaitazama ndoa kwa mashaka.

Neema na Bunju: haki mbili zinapogongana

Mgogoro wa Neema na Bunju ni wa aina nyingine. Neema ni binti mwenye kazi na anajiona ana wajibu kwa wazazi wake, hasa mama anayehitaji matibabu. Bunju ni mume mwenye hesabu zake za kuendesha nyumba, na pia anashikilia mila isiyoruhusu mama mkwe kulala kwa mkwewe. Sara anapokuja mjini kutibiwa, analala kwa Asna.

Wanafunzi wengi humhukumu Bunju haraka: ni mchoyo, basi. Msome tena. Katika jamii nyingi za Kenya, umbali kati ya mkwe na mama mkwe ni alama ya heshima. Neema anaona mama yake amenyimwa kitanda, na Bunju anaona amelinda adabu. Kila mmoja ana jambo la haki mkononi. Ndiyo maana mgogoro huu hautatuliwi kwa kutafuta mshindi. Unahitaji mazungumzo.

Mazungumzo hayo yangeweza kwenda njia mbili. Mifano ifuatayo haimo katika tamthilia. Tumeitunga ili uone tofauti.

Mfano wa kwanza

NEEMA: Wewe huwajali wazazi wangu. Hujawahi kuwajali hata siku moja!
BUNJU: Na wewe kila siku ni wazazi wako tu. Kwani mimi ni benki?
NEEMA: Kumbe! Sasa nimejua nimeolewa na mtu wa aina gani.

Mfano wa pili

NEEMA: Baba Lemi, kuna jambo linanisumbua. Tunaweza kuzungumza watoto wakishalala?
BUNJU: Sawa, mama Lemi. (Baadaye) Haya, nakusikiliza.
NEEMA: Kila jioni nikimwacha mama kwa Asna nikarudi hapa, naona aibu. Nahitaji tupange pamoja atalala wapi hadi amalize matibabu.
BUNJU: Unaona aibu kwa kuwa sisi tuna nafasi.
NEEMA: Ndiyo.
BUNJU: Nami nilivyolelewa, kulala nyumba moja na mama mkwe ni kumvunjia heshima. Lakini sitaki adhani nimemfukuza.
NEEMA: Basi tumtafutie chumba karibu na hapa, niwe napita asubuhi na jioni.

Katika mfano wa kwanza hakuna anayemzungumzia Sara. Mgonjwa amesahaulika, na kinachojadiliwa sasa ni ubaya wa Neema na ubaya wa Bunju. Maneno kama "hujawahi" na "kila siku" humlazimisha mwenzako ajitetee, kwa sababu atakumbuka mara moja siku aliyowajali. Katika mfano wa pili, Neema anataja tukio, anataja hisia yake, kisha anataja anachohitaji. Bunju naye anarudia alichosikia kabla ya kusema lake. Mila haijavunjwa, na mama hajaachwa.

Mwili unapochemka

Usidhani mfano wa pili ni rahisi. Unapohisi umedharauliwa, mwili hujiandaa kama unayeshambuliwa. Hutoa homoni iitwayo adrenalini. Moyo hupiga mbio, pumzi hufupika, misuli hukaza. Mwili huo uko tayari kupigana au kukimbia, na si kupima maneno. Ndiyo maana mtu aliyekasirika husema jambo ambalo saa moja baadaye halikubali kwamba alilisema yeye. Hasira, hasara.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuupa mwili muda. Vuta pumzi polepole, uitoe polepole zaidi. Kunywa maji. Ondoka kidogo, lakini usiondoke kwa kubamiza mlango. Sema, "Nimekasirika sasa, sitaki kukutusi. Tuongee baada ya prepu." Kisha rudi kweli baada ya prepu. Anayeondoka bila kurudi hajatuliza mgogoro. Ameuficha tu.

Namna ya kusema jambo zito kwa heshima

Ukishatulia, fuata hatua hizi. Tuseme mwenzako bwenini amechukua ndoo yako asubuhi bila idhini, ukachelewa kuoga, ukaadhibiwa na mwalimu wa zamu.

1. Chagua mahali na wakati. Usimkabili mbele ya bweni zima. Mtu aliyeaibishwa hadharani hupigania jina lake na kusahau kosa lake.

2. Taja jambo, usimtaje mtu kwa ubaya. "Asubuhi ulichukua ndoo yangu bila kuniuliza" ni jambo linaloweza kujadiliwa. "Wewe ni mwizi" ni hukumu, na baada ya hukumu hakuna mazungumzo.

3. Sema lilivyokugusa. "Nilichelewa nikaadhibiwa, nikaona umenidharau."

4. Sema unachotaka kifanyike. "Kesho ukiihitaji, niamshe uniombe."

5. Nyamaza umsikilize. Pengine ndoo yake ilipasuka. Pengine alidhani ni ya kaka yako anayemruhusu. Rudia ulichosikia kwa maneno yako kabla ya kujibu.

6. Kubali sehemu yako. Kama ulimtusi, omba radhi bila kuongeza "lakini". "Samahani kama umekasirika" humwachia yeye kosa. "Samahani nilikutusi" hulibeba kosa lako.

Angalia pia sauti, macho na mikono. Neno "samahani" likisemwa kwa kubinua midomo ni tusi jingine.

Dina na kazi ya sikio

Usimsahau Dina, jirani na rafiki wa Sara. Anaingia kwa mgonjwa, anamsaidia, na wanazungumza kuhusu waliyoyapitia. Dina hana uwezo wa kubadilisha yaliyompata Sara zamani. Anachoweza ni kumsikiliza. Katika swali la umuhimu wa mhusika, hii ni hoja: kupitia kwake msomaji anapata kujua machungu ambayo Sara asingeyasema mbele ya kila mtu. Katika maisha, aliye na mtu wa kumweleza uchungu wake ana nafasi ndogo ya kuumwaga kwa asiyehusika. Yona angekuwa na Dina wake, pengine hadithi ingeenda njia nyingine.

Heshima si kuvumilia kipigo

Hapa tuelewane vizuri. Hatua tulizozitaja zinawafaa watu wawili wanaoweza kusikilizana. Hazimwambii anayepigwa aongee kwa upole zaidi. Uvumilivu wa Sara unaweza kuutaja kama sifa yake, lakini usiandike kwamba ndilo suluhisho. Jawabu bora huonyesha pande mbili: uvumilivu uliiweka familia pamoja, na uvumilivu huo huo uliuacha ukatili uendelee.

Nchini Kenya, ukatili wa nyumbani si siri ya familia. Kuna sheria ya mwaka 2015 inayowalinda watu dhidi yake. Ikiwa wewe au mtu unayemjua anaumizwa, mwambie mwalimu unayemwamini, mshauri wa shule, au jamaa mwenye busara. Nambari 116 ni ya kuwasaidia watoto, na 1195 ni ya wanaopitia ukatili wa kijinsia. Zote hupigwa bila malipo.

Kuitumia mada hii katika mtihani

Swali la insha ya tamthilia huwa na alama 20. Kwa kila mgogoro, jibu maswali manne: Nani wanavutana? Chanzo ni nini? Hisia ilielekezwa kwa nani na kwa njia gani? Matokeo yalikuwa yapi? Tazama mfano wa hoja moja iliyokamilika:

"Kuna mgogoro kati ya Yona na Sara. Chanzo chake ni shinikizo la jamii inayomthamini mtoto wa kiume. Yona anashindwa kuikabili jamii hiyo, anaingia katika ulevi na kumpiga mkewe asiye na hatia. Matokeo ni kwamba Sara anaumia, na binti yao Asna anakua akiiogopa ndoa. Mwandishi anakashifu taasubi ya kiume na ukatili wa nyumbani."

Hoja hiyo haikumtukana Yona wala kumtetea. Imeonyesha hasira ilikotoka, ilikopelekwa, na gharama iliyolipwa.

Maswali ya kudurusu

1. "Jamii ndiyo chanzo cha mateso ya Sara." Jadili kwa kurejelea Bembea ya Maisha. (alama 10)

2. Linganisha mgogoro wa Yona na Sara na ule wa Neema na Bunju. Ni upi unaoweza kutatuliwa kwa mazungumzo, na kwa nini? (alama 10)

3. Jiweke katika nafasi ya Asna. Andika mazungumzo kati yako na Neema kuhusu ndoa, kila mmoja akieleza msimamo wake bila kumdharau mwenzake.

4. Kumbuka ugomvi mmoja uliowahi kuuona nyumbani au shuleni. Bila kutaja majina, eleza hasira ilitoka wapi na ilipelekwa kwa nani.