Wiki Inaanza Lini? Inategemea Uko Wapi

MINNEAPOLIS — "Mama, n'takupigia mwanzo wa wiki," anasema kijana aliyeko huku. Mama yuko Maskati. Jumapili kutwa anaangalia simu, maana Omani kazi huanza siku hiyo. Kumbe mwana alikusudia Jumatatu. Mama keshanuna.

Nani mkosa? Hakuna. Kalenda za Marekani huanza Jumapili, lakini kazi na shule ni Jumatatu. Kiarabu nacho huhesabu kuanzia Jumapili, ndiyo maana Alhamisi ni ya tano. Kiswahili chetu huanza Jumamosi, siku ya mosi, basi ya tano ni Jumatano. Wiki moja, siku mbili za tano!

Serikali nazo hubadilisha. Mwaka 2013 Omani iliacha mapumziko ya Alhamisi na Ijumaa, ikashika Ijumaa na Jumamosi. Imarati, tangu Januari 2022, ofisi za serikali hufanya kazi Ijumaa nusu siku, zikapumzika Jumamosi na Jumapili.

Minneapolis yenyewe inaujua mkanganyiko huu. Mei 1965, jirani yake Saint Paul ilisogeza saa mbele wiki mbili kabla yake. Miji inayopakana ikapishana saa nzima.

Ukipiga hesabu, siku ya mapumziko inayokutanisha Omani na Minnesota ni moja tu: Jumamosi. Kiangazi, saa mbili asubuhi huku ni saa kumi na moja jioni Maskati. Basi mwambie mama, "Jumamosi, baada ya Alasiri." Hapo hanuni mtu.