NYUZI ZA ASILI (3): Pamba ya Meatu na Shuka la Mianzi

Baada ya mkonge na sufu katika sehemu mbili zilizotangulia, leo tunaingia chumbani na kufungua kabati: mashuka, foronya, mataulo, mashati. Humo poliesta imeshatawala, kama ilivyotawala duniani, ambako zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa kwa mwaka ni zake na pamba imebaki na sehemu ya tano hivi. Watu huipendea bei yake, na kwamba haijikunji na hukauka upesi. Hukauka upesi kwa kuwa haishiki maji. Uzi wa pamba katika hewa ya kawaida hubeba unyevu unaokaribia asilimia 8 ya uzito wake, ilhali poliesta haifiki hata nusu ya asilimia 1. Ndiyo maana jasho la mtu aliyelalia shuka la poliesta Dar es Salaam mwezi wa Februari halina pa kwenda. Na kila likifuliwa, shuka hilo humwaga vijinyuzi vya plastiki visivyoonekana kwa macho, navyo hufuata maji hadi mtoni na baharini.

Je, turudi kwenye pamba na mambo yaishe? Hapana, kwani pamba ndiyo iliyoikausha Bahari ya Arali. Tangu miaka ya 1960 serikali ya Sovieti ilichepusha maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya ili kumwagilia mashamba ya Asia ya Kati, zaidi ya yote ya pamba. Ziwa lililokuwa la nne kwa ukubwa duniani likagawanyika vipande, na sehemu kubwa ya sakafu yake sasa ni jangwa la chumvi. Shati lililotokana na pamba ile lilikuwa la uzi wa asili kabisa.

Kwa sababu hiyo, ile hesabu inayorudiwa kila mahali, kwamba fulana moja ya pamba hula lita 2,700 za maji, mimi huisoma kwa mashaka. Ni maji yapi hayo? Usukumani mkulima hamwagilii. Pamba ya Simiyu, Shinyanga, Mwanza na Geita hupandwa mvua zinapoanza mwishoni mwa mwaka, huchumwa kwa mkono mwaka unaofuata, na mvua ile ingenyesha hata kama pale pangeota majani matupu. Kuweka lita ya mvua ya Meatu na lita iliyochepushwa kutoka Amu Darya katika mizani moja ni kumpotosha msomaji.

Mzigo wa pamba yetu uko kwenye wadudu. Funza wa vitumba hutoboa kitumba kabla hakijapasuka, akala cha ndani, na mkulima akaamka siku moja kukuta nusu ya jasho lake imeliwa. Dawa yake iliyozoeleka ni bomba la mgongoni, ambalo wengi hulibeba bila glovu wala barakoa, na kemikali haichagui: inaua funza pamoja na wadudu wanaomla funza. Wilayani Meatu baadhi ya wakulima wana njia nyingine. Mwaka 1994 kampuni ya Remei ya Uswisi ilianzisha huko mradi wa kilimo hai cha pamba uitwao bioRe. Wakulima wake hupanda alizeti katikati ya pamba ili wadudu wavutwe huko, hubadilisha mazao kwa misimu, huweka samadi badala ya mbolea ya dukani, na wadudu wakizidi hutumia dawa za mimea kama mwarobaini. Mambo hayo yana gharama yake. Palizi na ukaguzi wa shamba hula siku nyingi za kazi, na shamba halipewi cheti mpaka lipite miaka miwili au mitatu bila kemikali. Nyongeza ya bei isipokuja, mkulima ana haki ya kurudia bomba lake, na sidhani kama aliyekaa mjini anaweza kumlaumu.

Jambo linaloniudhi zaidi ni lile linalofuata mavuno. Sehemu kubwa ya pamba yetu ikishachambuliwa hufungwa marobota na kupelekwa nje, kisha sisi tunanunua mashuka yaliyofumwa mbali.

Miongoni mwa hayo yanayokuja yamo yale yanayouzwa ghali kwa jina la mianzi. Mwanzi wenyewe hauna lawama: hukua haraka na hauhitaji dawa nyingi. Lakini kitambaa kile laini hakitokani na mwanzi uliochambuliwa kama katani. Mwanzi husagwa ukawa rojo, rojo ikayeyushwa kwa sodiamu haidroksaidi na kaboni disalfaidi, kisha ikakamuliwa kupitia vitundu vidogo ndani ya tindikali hadi igande kuwa nyuzi. Hiyo ni viskosi, ileile ya miti mingine, na kaboni disalfaidi ni sumu inayodhuru mishipa ya fahamu ya wafanyakazi kiwanda kisipoidhibiti. Mwaka 2022 nchini Marekani, maduka ya Kohl's na Walmart yalikubali kulipa jumla ya dola milioni 5.5 baada ya tume ya biashara ya serikali kuyashtaki kwa kuuza viskosi kama mianzi safi.

Kitani kina sifa nzuri zaidi. Mmea wake hukomaa kwa siku mia moja hivi, na Normandy, Ufaransa, huachwa shambani umande uozeshe maganda hadi nyuzi ziachie. Bei yake, hata hivyo, si ya mfuko wa wengi wetu. Jirani zetu wa Buganda nao wana lubugo, nguo itokanayo na gome la mutuba: gome huvuliwa, shina likafungwa majani ya migomba, na mti ukaota gome jingine bila kukatwa. Lakini haistahimili kufuliwa kila wiki, kwa hiyo si ya kitandani.

Ukiwa dukani huna lebo ya kuamini, omba kipande cha uzi ukichome. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Viskosi pia huungua hivyohivyo, kwa kuwa zote mbili ni selulosi, na hapo moto haukusaidii tena. Loanisha uzi uuvute: wa pamba ukilowa huongezeka nguvu, wa viskosi hupoteza karibu nusu ya nguvu zake na kukatika upesi.

Sehemu ya nne itahusu rangi na maji machafu ya viwanda vya kutia rangi.