Namna Hadubini ya Utofautishaji wa Awamu Inavyodhihirisha Seli Hai: Mfano wa Maji ya Majaruba ya Ipinda, Kyela

Makala haya yanafafanua namna hadubini ya utofautishaji wa awamu inavyofanya kazi, na kwa nini utiaji rangi hauwezi kushika nafasi yake katika kila uchunguzi. Ipinda, wilayani Kyela, imo katika uwanda wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ambako mpunga hulimwa majarubani na malaria ni maradhi yaliyozoeleka. Mazingira hayo yanatupatia sampuli mbili za kulinganisha: tone la maji ya jaruba lenye amiba na tone la damu ya mgonjwa.

Amiba ikitazamwa kwa hadubini ya kawaida huonekana kwa shida, na sababu si udogo wake pekee. Seli hai kwa sehemu kubwa ni maji. Hunyonya mwanga kidogo mno, hivyo mwanga huipenya ukiwa na nguvu takribani ileile. Kinachobadilika ni wakati, kwa kuwa mwanga husafiri polepole zaidi ndani ya seli kuliko ndani ya maji. Tuchukue sehemu ya seli yenye unene wa maikromita 2, ambayo namba yake ya mpindo wa mwanga inaizidi ya maji kwa 0.03. Mwanga uliopita humo utachelewa kwa nanomita 60, yaani sehemu moja ya tisa ya wimbi la mwanga wa kijani lenye urefu wa nanomita 540. Jicho hutambua mng'ao na rangi. Kuchelewa huko halikutambui.

Katika miaka ya 1930, Frits Zernike, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Groningen nchini Uholanzi, alibuni njia ya kugeuza kuchelewa kuwa tofauti ya mng'ao. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 1953. Alibainisha kwamba mwanga unaotoka kwenye sampuli nyembamba una sehemu mbili: mwanga wa moja kwa moja, na mwanga hafifu uliotawanywa na seli, ambao huchelewa kwa takribani robo ya wimbi. Kwa tofauti ya robo, mawimbi hayo hayaongezani wala kufutana kwa kiasi cha kuonekana.

Kwa hiyo, chini ya sampuli huwekwa kizuizi chenye uwazi wa umbo la pete. Mwanga wa moja kwa moja unaopita hapo hufika kwenye pete nyingine, iliyo katika lenzi ya upande wa sampuli. Pete hii ya pili huutanguliza kwa robo nyingine na kuupunguza nguvu. Tofauti sasa ni nusu ya wimbi: kilele cha wimbi moja hukutana na bonde la jingine, na seli huonekana nyeusi juu ya usuli wa kijivu.

Mbinu hii ina mipaka. Kingo za seli huzungukwa na mwanga usio sehemu ya seli, na sampuli nene hutoa taswira isiyoaminika. Aidha, kutambua spishi ya vimelea vya malaria bado kunahitaji rangi ya Giemsa, na kifo cha vimelea hivyo hakiathiri jibu. Lakini amiba iliyokaushwa kwa ajili ya kutiwa rangi haitambai wala haili tena. Hivyo, mtafiti anapaswa kwanza kujiuliza iwapo swali lake linahusu umbo au mwenendo. Likihusu mwenendo, sampuli sharti ibaki hai.