Uwezo wa Tairi la Pikapu na Mizigo ya Bunia

Ubavuni mwa tairi la pikapu, baada ya maandishi ya ukubwa kama 205R16C, hufuata namba na herufi, kwa mfano 110/108R. Namba 110 ni kielezo cha mzigo, yaani alama inayosimamia uzito wa juu ambao tairi moja linaruhusiwa kubeba, nayo haimaanishi kilo 110 bali kilo 1,060. Namba 108, inayohusu magurudumu yaliyofungwa mawili mawili kila upande, ni kilo 1,000 kwa kila tairi. Herufi C huonyesha tairi la gari la biashara, na R ya mwisho huweka kikomo cha mwendo, kilomita 170 kwa saa.

Kuzidisha 1,060 kwa magurudumu manne, kukapatikana kilo 4,240, ni hesabu inayopotosha, kwa sababu mzigo wa pikapu hulalia ekseli ya nyuma, ambayo matairi yake mawili hubeba kilo 2,120 tu. Ikiwa gari tupu linaegemeza kilo 750 nyuma, kisha likapakiwa magunia kumi ya kilo mia na abiria wanane wa kilo sitini juu yake, na uzito huo wote ukaelemea nyuma, ekseli hiyo hubeba kilo 2,230. Ni kilo 110 zaidi ya uwezo, ingawa jumla ya gari zima bado inaonekana salama. Tena pikapu inayopanda kutoka Kasenyi, kando ya Ziwa Albert, kwenda mjini Bunia ikiwa imejaa samaki, huongezewa mzigo wa nyuma na mlima wenyewe.

Uwezo huo wote hutegemea upepo uliomo ndani ya tairi. Dereva aliyepunguza upepo ili avuke matope ya njia ya Mahagi, kisha akaendelea bila kuujaza tena, anaendesha tairi lenye uwezo mdogo kuliko ulioandikwa: kuta zake hujikunja kila mzunguko, hupata joto, na hatimaye mpira huachana na nyuzi zilizomo ndani.

Wapo wanaoongeza majani ya springi wakiamini wameongeza uwezo wa gari. Springi hizo huzuia tu gari lisiiname nyuma, na kwa kuondoa dalili ya mzigo kupita kiasi huzidisha hatari, kwa maana haziongezi hata kilo moja kwenye uwezo wa tairi.