Mchunguze Ndama Masikioni

Ndama azubaapo, akakataa kunyonya na tezi za chini ya sikio zikavimba, mfugaji wa Juba asidhani ni uchovu wa malishoni. Huenda ni ndigana kali, maradhi yaletwayo na kupe wa kahawia apendaye masikio ya ng'ombe.

Kupe huyu hupanda mnyama mara tatu maishani mwake. Mara mbili za kwanza ashibapo huanguka nyasini, hujivua ngozi, kisha hutafuta mnyama mwingine. Akinyonya damu ya ng'ombe mgonjwa, hubeba vijidudu hata kwa ng'ombe amfuatiaye. Hata hivyo, vijidudu hivyo hupevuka mateni mwa kupe baada ya siku tatu au nne za kunyonya. Kupe akiondolewa mapema, ndama husalimika.

Maradhi hufuata nyayo za ng'ombe. Baada ya mkataba wa amani wa mwaka 2005, makundi yaliyokimbilia Equatoria wakati wa vita yalirejea Bor, na ndigana ikaenda nayo.

Basi, ndugu msomaji, chunguza masikio ya ndama kila siku, na uogeshe mifugo kwa dawa ya kupe. Homa ianzapo, mwite daktari wa mifugo upesi. Usingoje kikohozi na povu puani. Chanjo nayo ipo.

Ndigana haimpati binadamu, lakini humfikia mezani: ng'ombe wengi wa kienyeji hawateremshi maziwa pasipo ndama. Ndama akifa, kibuyu cha watoto nacho hukauka.