Kodi ndogo si nyumba rahisi kwa anayefanyia kazi nyumbani

Kwa miaka mingi kodi ya nyumba jijini Dar es Salaam imekuwa ikifuata umbali. Kwa kawaida, mtaa unapokuwa karibu na Posta au Kariakoo kodi hupanda, na mtu anaposogea kuelekea Bunju, Chanika au Mbagala hupungua. Sasa limeingia sokoni kundi la wapangaji wasio na safari ya asubuhi. Hawa ni wahasibu, wafasiri, wabunifu wa michoro na waandaaji wa programu za kompyuta, wanaofanya kazi sebuleni kwao kwa ajili ya waajiri walio Nairobi, London au New York.

Kwa mpangaji wa namna hii umbali wa Posta si hoja kubwa. Anacholipia ni saa za kazi zisizokatizwa. Umeme ukikatika mara tatu kwa wiki, au jirani akifungua karakana ya kuchomelea vyuma dirishani pake, nyumba hiyo inamla fedha hata kama kodi yake ni ndogo.

Hesabu ya mfano inaonyesha jambo hilo. Chukua nyumba mbili, moja ya Sh 350,000 kwa mwezi na nyingine ya Sh 500,000. Mpangaji analipwa Sh 12,000 kwa saa. Katika nyumba ya kwanza anapoteza saa tatu kila wiki kwa kukosa umeme au mtandao, yaani saa 12 kwa wiki nne, ambazo ni Sh 144,000. Akiongeza Sh 20,000 za maji ya kununua, nyumba ya "bei nafuu" imefika Sh 514,000. Hapo haijahesabiwa hasara ya kumpoteza mteja aliyechoka kusubiri.

Hata hivyo, wengi huingia nyumba ya kwanza, na sababu yake inaeleweka. Wenye nyumba wengi jijini hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja. Kwa miezi sita, nyumba ya Sh 350,000 inahitaji Sh 2,450,000 mkononi. Ile ya Sh 500,000 inahitaji Sh 3,500,000. Tofauti ya Sh 1,050,000 haipatikani kirahisi kwa kijana anayeanza, na akishalipa hana njia ya kurudi nyuma kabla ya miezi sita kwisha.

Kwa hiyo swali la maana kwa mwenye mtaji mdogo ni hili: kasoro ipi ya mtaa inaweza kurekebishwa kwa fedha kidogo, na ipi hairekebishiki?

Umeme umo katika kundi la kwanza. Mgao uliosumbua nchi mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 ulipungua baada ya mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuingizwa kwenye gridi Februari 2024. Bwawa hilo lilijengwa kuzalisha megawati 2,115. Pamoja na hayo, nguzo zinazoanguka na transfoma zinazozidiwa bado ni matatizo ya mtaa kwa mtaa. Kompyuta ya mkononi na ruta kwa pamoja hutumia wati zipatazo 60. Betri ya sola ya volti 12 na ampia-saa 100 ina wati-saa 1,200, na hata ikitumika nusu tu ili isife mapema, inaendesha vifaa hivyo kwa karibu saa nane au tisa baada ya kutoa upotevu wa inveta. Mpangaji akihama, anahama nayo.

Maji nayo yanaweza kuhifadhiwa. Kimara na Mbezi hupata maji ya mtambo wa Ruvu Juu, wakati Tegeta na maeneo mengi ya Barabara ya Bagamoyo hutegemea Ruvu Chini. Ukame wa mwaka 2022 ulileta mgao jijini, na waliokuwa na matangi walihangaika kidogo kuliko wenzao. Tangi likiwapo, tatizo hubaki dogo.

Kelele ni habari nyingine. Sinza na Kijitonyama zina sifa nzuri ya kupimwa. Zilitokana na miradi ya viwanja ya miaka ya 1970, hivyo barabara zake zimenyooka na huduma hufika mlangoni. Lakini Sinza pia inajulikana kwa baa na kumbi za starehe. Hapa saa za mwajiri ndizo zinazoamua. Anayefuata saa za ofisi za London humaliza kazi saa 1 au saa 2 usiku, kutegemea majira ya huko, kabla muziki haujashika kasi. Anayefuata saa za New York huanza saa 10 au saa 11 jioni na kumaliza saa 6 au saa 7 usiku, na mikutano yake yote huangukia wakati wa muziki. Mtaa uleule unaweza kumfaa wa kwanza na kumfukuzisha kazi wa pili.

Mafuriko pia hayanunuliki. Yale ya Desemba 2011 yaliua watu, na wakazi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande, lakini bado nyumba za kodi ndogo hupatikana kandokando ya Mto Msimbazi. Mitaa ya gharama nayo ina mabonde yake. Msasani kuna Bonde la Mpunga, na jina lenyewe linatosha kumwonya anayekwenda kukagua nyumba mwezi wa Agosti, wakati ardhi imekauka.

Kasoro ya tatu isiyorekebishika kirahisi ni kukosa waya wa mkongo mtaani. Masaki, Oysterbay na Mikocheni zimetangulia katika huduma hiyo. Katika maeneo mapya kama Goba na Madale, mtaa mmoja unaweza kuwa nayo na wa pili usiwe nayo. Neno la dalali kwamba "mtandao upo" lisichukuliwe bila kuuliza kampuni yenyewe kama inaunganisha nyumba hiyo kwa sasa.

Iko hasara ambayo hakuna mtaa unaoweza kuikinga. Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na intaneti ikadorora nchini kote. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Kodi kubwa ya Masaki haikumsaidia mtu siku hizo. Kinga ni kukubaliana mapema na mwajiri kuhusu kazi inayoweza kuendelea bila mtandao.

Kwa anayekwenda mjini mara moja au mbili kwa wiki, Kimara inastahili kuangaliwa. Njia ya mabasi yaendayo haraka iliyoanza kazi Mei 2016 inaiunganisha na Kivukoni, na miinuko yake haituamishi maji kama mabondeni. Tangi na betri vinaweza kuziba sehemu kubwa ya mapengo yake.

Kabla ya kutoa fedha, mpangaji afike kwenye nyumba mara tatu: siku ya kazi katika saa zake za kazi, Jumamosi usiku, na baada ya mvua kubwa. Apime kasi ya mtandao akiwa ndani ya chumba atakachofanyia kazi, si barazani. Aulize kama mita ya Luku ni yake peke yake au ya kuchangia. Aidha, anayelipwa kwa dola asikubali kutajiwa kodi kwa dola, kwani kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza bei za huduma za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni.

Zaidi ya yote, ajadiliane muda kabla ya kujadili bei. Mwenye nyumba iliyokaa wazi kwa muda anaweza kukubali miezi mitatu ya kwanza, hata kwa kodi iliyoongezeka kidogo. Kwa nyumba ya Sh 350,000, miezi mitatu badala ya sita inabakiza Sh 1,050,000 mfukoni, nayo ni fedha ya kuanzia betri na tangi, au ya kuhamia kwingine mtaa ukimshinda.