Je, Wajua? Unga wa Chuma Unaofanya Kazi na Kurudi Tena

Ukipanda kilima cha Kinyinya, Kigali, wakati wa kiangazi, vumbi jekundu huganda viatuni. Wekundu huo ni oksidi ya chuma, ndugu wa kutu. Je, wajua kwamba oksidi nyingine ya chuma, magnetiti, hutumika maabarani kuchochea uoksidishaji?

• Chumvi mbili za chuma huyeyushwa majini, kisha hutiwa amonia. Papo hapo maji huwa meusi: chembe za magnetiti, nyingi za kama nanomita 10, zimezaliwa.

• Udogo wa chembe ndio nguvu yake, kwa kuwa huongeza eneo la uso. Mchemraba wa sentimita 1 una eneo la sentimita 6 za mraba. Ukikatwa vipande vya nanomita 10, eneo hufika mita 600 za mraba, kubwa kuliko uwanja wa mpira wa kikapu.

• Pamoja na haidrojeni peroksidi, chembe hizo huchochea uoksidishaji unaovunjavunja rangi za vitambaa zilizochafua maji.

• Kazi ikiisha, sumaku huwekwa ubavuni mwa chupa. Unga mweusi hujikusanya upande mmoja, maji humwagwa, unga huoshwa na kutumiwa tena.

Kichocheo kama magnetiti huharakisha kazi bila kuliwa nayo. Ndiyo maana kiasi kidogo huweza kutumika mara nyingi.